Debe la Rangi Nyekundu

Ukindu unapochemka hutoa harufu isiyofanana na ya kitu kingine chochote. Si ya majani, si ya nyasi zilizonyeshewa, wala si ya chai, ingawa ina kidogo cha hayo yote. Juzi nilikuwa napita uani kwa jirani nikaisikia, nikasimama. Mjukuu wangu aliyenishika mkono alidhani ni magoti. Nilimwacha adhani hivyo, maana mzee akisimama njiani akasema ananusa, watu humtazama kwa huruma. Nyinyi mtanivumilia. Harufu ile ilinirudisha kijijini kwetu Wingwi nikiwa na miaka tisa, mikono yangu myekundu mpaka viwikoni, na nimefanya jambo ambalo sijawahi kulisimulia.

Ilikuwa katika miaka ya thalathini. Mwaka wenyewe siujui, kwani sisi tarehe zetu zilikuwa karafuu: mwaka wa neema na mwaka wa ukata. Ule ulikuwa wa ukata. Baba yangu alikuwa amefariki, mama amemaliza eda, na tumebaki wawili katika kijumba cha udongo na kipande cha shamba la muhogo alichotuachia marehemu. Mama yangu, Bi Salama, hakuwa mtu wa Wingwi. Aliolewa huko akitokea kijiji cha Vitongoji, na hata baada ya miaka kumi wanawake wa pale walikuwa bado wakimwita "yule wa Vitongoji", kwa wema tu, lakini wakimwita hivyo.

Kaka yake, mjomba Hamadi, alitaka arudi kwao. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amri, na watu wa amri hudhani kila anayewapenda anawangoja waseme. Alikuja na punda wake akasimama mlangoni, akasema, "Salama, mie nakupa mpaka Shaabani iishe. Ukiweza kujilisha kwa mikono yako, kaa. Ukishindwa, nnakuja kukuchukua weye na mtoto. Ramadhani haikukuti peke yako humu." Mama aliitikia vizuri. Alipoondoka tu, aliniambia kuwa nyumba ya ndugu ni yako mpaka mke wake atakapokuuliza unataka kula nini. Tukiondoka, kijumba kile kingebomoka, na muhogo wa baba ungekuwa wa yeyote mwenye jembe. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililielewa.

Mikono ya mama ilijua jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni mikeka. Mkindu hukatwa majani yake machanga, ndiyo ukindu, yakachemshwa, yakaanikwa juani na kwenye umande mpaka yakawa meupe, yakachanwa, ndipo mengine yakatiwa rangi. Ukisha hapo unasuka ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole, kisha unaushona ukili kwa ukili mpaka mkeka ukamilike. Wanawake wote wa Wingwi waliyajua haya. Ila wekundu wa mama ulikuwa mwingine. Kabla ya kuutia ukindu kwenye rangi aliuroweka katika maji ya ndimu na chumvi, kama walivyofanya kwao, na rangi iliyotoka ilikuwa nzito, ya kina, haikimbii hata mkeka ukilowa.

Pale kwetu kutia rangi lilikuwa jambo la siri. Mtu alifunga mlango wa ua, akapika rangi yake, na ukimuuliza alikuambia alikuwa akichemsha muhogo. Mama alifanya kinyume. Alinunua vipakiti vya rangi mjini Wete, akaweka motoni debe la mafuta ya taa lililokatwa mdomo, na maji yalipoanza kutokota alinituma nyumba kwa nyumba: "Waambie debe li motoni. Mwenye ukindu aje nao." Nao walikuja, kwanza kwa mashaka, halafu kwa kasi. Kila mwanamke alifunga ukindu wake kwa fundo lake mwenyewe, huyu moja, huyu mawili, huyu fundo na mkia, ili usichanganyike na wa mwenziwe, na wote ukazama pamoja katika maji yale yale. Mama aliwaonyesha mpaka ndimu na chumvi. Nilikaa kando ya moto nikinuna, maana nilikuwa mtoto mchoyo, bora niseme mapema.

"Mama, kwa nini unawapa?" nilimuuliza siku moja. "Mikeka yao itakuwa mizuri kama yetu."

"Rangi inayobaki kwenye debe ni ya nani?"

"Yetu."

"Haya," akasema, akanisogezea kata. "Inywe."

Mwezi wa Rajabu ikaja kazi kubwa. Bi Zuwena, bibi mmoja wa ukoo wa Kimanga, yaani wa Kiarabu, aliyekuwa na nyumba ya ghorofa huko Jadida, Wete, alikuwa akimwoza binti yake katikati ya Shaabani. Aliona mkeka wa mama kwenye maulidi fulani, akauliza mwenyewe, akaagiza mikeka sita mikubwa, myekundu na myeupe. Sita! Nyumba kama ile ikikujua mkono, jamaa zake wote wanakujua, na mjomba Hamadi angelazimika kumtafutia punda wake kazi nyingine.

Lakini nyumba ile ilikuwa na fundi wake kabla ya mama. Fundi huyo aliitwa Bi Mize, mwanamke mrefu, mkavu, aliyekaa mbali kidogo nasi, upande wa pili wa mashamba, na hakuna kijijini aliyesuka kama yeye. Alikuwa na suko moja lililoitwa nyayo za kuku, ambalo wenzake walilitazama wakashindwa kuliiga, na alipokuwa akilianza aliwapa watu mgongo. Miaka yote mikeka ya Bi Zuwena ilitoka mikononi mwake. Mama kabla hajakubali kazi ile alikwenda kwake kumweleza, nami nikafuatana naye. Alimwambia wazi, hivi na hivi, kazi imekuja kwangu, nami sitaki uisikie njiani. Bi Mize aliendelea kusuka. Kisha akasema, "Riziki haigombewi, Bi Salama." Mama akamwambia siku ya rangi atamletea habari, aje na ukindu wake. Bi Mize akavuta jani jingine la ukindu.

Siku ya rangi ilifika. Mama alitia vipakiti vyake vyote ndani ya debe. Asubuhi alizamisha sehemu kubwa ya ukindu wetu pamoja na wa Bi Asha, jirani yetu wa ubavuni, na wa wanawake wengine watatu. Sehemu yetu iliyobaki, ya mikeka miwili ya mwisho, ingeingia alasiri na kulala humo mpaka asubuhi ili ikolee. Aliiweka nyuma kwa makusudi. "Bi Mize anatoka mbali," alisema. "Akifika aingize wake kwanza, wetu utafuata." Baada ya adhuhuri, ukindu wa asubuhi umeshatolewa, akaitwa msibani mtaa wa pili. Akajitanda kanga, akanikabidhi moto, akaondoka.

Nilikaa na lile debe na hasira zangu. Mpinzani wetu aingize wake kwanza! Ukindu wetu ungoje kama mwombaji mlangoni! Nilikuwa bado nalipigia hesabu jambo hili niliposikia nyayo njiani, na sauti ya Bi Mize ikipiga hodi kwa mbali.

Sasa, chuoni kwa mwalimu wa Kurani tulikuwa tumefundishwa kwa bakora kwamba mwongo hatanusa harufu ya pepo. Nami pepo niliitaka. Kwa hiyo sikukusudia kusema uongo hata kidogo. Nilishika debe kwa matambara mawili, nikaliburura mpaka nyuma ya migomba, nikaliinamisha, maji yote mekundu yakamwagika yakipiga mvuke, nikalirudisha jikoni, ndipo nikaitikia hodi. Bi Mize aliingia na furushi lake la ukindu chini ya kwapa. Ulikuwa mweupe sana, mrefu, umefungwa fundo zuri la mduara. Nilimwambia, "Shikamoo Bi Mize. Rangi imekwisha." Na ilikuwa kweli tupu.

Alilitazama debe. Akanitazama mimi, kisha mikono yangu iliyokuwa bado imelowa wekundu. "Marahaba," akasema. "Haya, mwanangu. Mwambie mama nlikuja." Akageuka akaenda zake, njia ile yote aliyoijia. Nilifurahi sana. Nakuambieni kweli, nilifurahi, nikajiona mlinzi wa nyumba ya baba yangu.

Sikufikiri, mpaka mama aliporudi na kuufuata ukindu wetu wa mikeka miwili, kwamba maji niliyomnyima Bi Mize yalikuwa pia yetu. Mama alisimama mbele ya debe tupu.

"Rangi i wapi, Hidaya?"

"Imemwagika, mama."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilitegemea bakora. Angenipiga ningefarijika, lakini alikaa chini pale pale jikoni, akaweka mikono mapajani mpaka adhana ya magharibi. Salamu ya Bi Mize sikuifikisha.

Alfajiri alikwenda Wete kwa miguu na kurudi kwa miguu. Nyekundu ile ilikuwa imekwisha madukani, na kipakiti alichopata kilikuwa cha nyekundu nyingine, yenye umanjano. Aliijaribu kwenye majani machache, akayaweka kando ya yale ya asubuhi ya jana. Hata mimi niliona. Mikeka minne ingekuwa ya harusi moja na miwili ya harusi nyingine, na watu wa Jadida hawakuwa watu wa kutandika sebuleni vitu viwili visivyojuana. Zilibaki siku kumi na moja kabla ya siku ya kuipeleka. Mama alianza kusuka kwa ule uliopo, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa, lakini usoni nilimwona ameshaanza kufunga mizigo ya Vitongoji.

Bi Asha alikuja kuomba kaa la moto, kama ilivyokuwa desturi yake kila asubuhi, maana alikuwa na uvivu wa ajabu wa kulinda moto wake usizimike. Akaona nyekundu mbili chini. Akauliza, mama akamjibu kwa maneno machache. Hakumwomba kitu. Nasisitiza hapa, kwa sababu baadaye watu walisimulia kana kwamba mama alilia. Hakulia wala hakuomba. Bi Asha alikwenda zake hata kaa la moto akalisahau.

Alirudi kabla ya jua kupanda sana akiwa na ukindu wake mwekundu. Alikuwa ameshausuka ukili pima kadhaa kwa ajili ya mkeka wake wa Idi, na alikuwa ameufumua, ukindu umejaa mikunjo. Alisema, "Ukirowekwa utanyooka. Umetoka kwenye debe moja na wako, Bi Salama, wala hakuna atakayeutambua." Nyuma yake wakaja wale watatu, kila mmoja na furushi lake lenye fundo lake. Nyekundu ile ile. Mjini haikuwapo, madukani haikuwapo, kisiwa kizima haikuwapo, ila katika nyumba nne za Wingwi, kwa sababu mama aliitoa. Mama aliyashika yale mafurushi moja moja, akayapanga kando ya ukindu wetu. Mimi nilikwenda kujificha nyuma ya mtungi.

Ikabaki kazi ya mikono. Mikeka miwili kusuka na kushona, na ile minne kumaliziwa pindo, katika siku kumi. Wanawake walikaa uani wakagawana. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema Bi Asha, na kwa jinsi alivyosuka polepole, mama alinong'ona kuwa vidole vyake kumi navyo vilihitaji msaada. Siku ya pili, saa za asubuhi, hodi ilipigwa. Alikuwa Bi Mize. Hakubeba furushi. Niliokota ukili nikauinamia.

Alisalimia, akakaribishwa, akabaki wima. "Nimesikia kazi ya harusi imekukwama," alimwambia mama. "Mie nyekundu sina. N'na mikono."

Ni Bi Asha aliyeuliza, maana yeye aliuliza kila kitu. "Kwani wewe siku ile hukuja kutia rangi? Mwenzio aliuweka wake nyuma akikungoja weye."

Uani pale walikuwepo wanawake watano, na mama, na mimi nimeshika ukili ambao sikuwa nikiusuka. Bi Mize hakunitazama. Alishusha upindo wa kanga begani, akakaa, akavuta mkeka ulio karibu, akapapasa ukingo wake kwa kidole gumba.

"Nlichelewa," akasema.

Basi. Akaomba sindano. Kwa siku nane alikuja asubuhi na kuondoka alasiri, akashona mikeka ya kazi iliyokuwa yake akanyang'anywa, na mshono wake ulikuwa mdogo na sawa hata ukiutafuta huuoni. Sehemu aliyoishona yeye mama hakuigusa tena. Nilimletea maji ya kunywa mara nyingi kupita kiasi. Aliyapokea kila mara.

Tulipeleka mikeka sita Jadida siku mbili kabla ya harusi, tumejitwika, wanawake watatu na mimi. Bi Zuwena aliitandaza ukumbini, akavua viatu, akatembea juu yake, akainama akapitisha kiganja. "Mkono wako huu peke yako, Bi Salama?" aliuliza. Mama angeweza kusema ndiyo. Nilimwombea aseme ndiyo. Badala yake alitaja majina: rangi hii ni ya Bi Asha, ile ya fulani na fulani, na mshono huu, bibi, huu ni wa Bi Mize unayemjua, na kama unataka mkeka wa kuswalia wa bwana harusi, yeye ndiye wa kumwagiza, mimi siwezi. Nilimkanyaga kisigino. Alisogeza mguu akaendelea.

Bi Zuwena aliagiza kwa Bi Mize. Na Bi Mize, mwezi wa pili yake, alipopata kazi ya msikiti iliyomzidi, alimwita mama kabla ya kumwita ndugu yake wa damu. Ikawa hivyo miaka na miaka. Watu wa Wete walikuwa hawaulizi tena kwa fulani wala kwa fulani, wakituma tu neno Wingwi kwa wanawake wa nyekundu, na nani afanye nini tuliamua wenyewe uani kwa mama, karibu na debe. Mlango wa ua wa kufungwa siku ya rangi ulikwisha. Mjomba Hamadi alikuja mwisho wa Shaabani na punda, kama alivyoahidi, akakuta ua umejaa watu asiowajua, kila mmoja akimwambia apishe. Alirudi Vitongoji na mkeka mmoja wa zawadi, na punda mwepesi.

Waliposema wazee kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nilidhani wanamsema mama yangu. Nilimsifu kwa hilo maisha yangu yote, na ninamsifu bado. Alikuwa mgeni asiye na mume wala fedha, akaanza na kile kilichokuwa kinabaki kwenye debe. Lakini kuna jingine lililofuata, nalo ndilo lililonisimamisha juzi uani kwa jirani.

Wiki moja baada ya harusi nilikuwa natoka chuoni, Bi Mize akaniita. Nilikwenda nikijua siku yangu imefika. Alinikalisha mkekani, si mbele yake, ubavuni mwake, upande ule ambao mtu anaona mikono. Akatoa ukindu mweupe mrefu, ule ule aliokuja nao siku ile ukarudi bila rangi. Akaanza suko la nyayo za kuku polepole, jani kwa jani, akalifumua, akanipa. "Anza weye," akasema. Nilikosea. Akalifumua tena. Tulikaa hivyo mpaka alasiri, na siku zilizofuata, na hakuniuliza hata mara moja.

Utotoni nilijipongeza kuwa hakugundua. Miaka ikapita nikafikiri kuwa alisahau. Nilikuwa na watoto wangu, na wanafunzi wangu wa ukili, nilipoelewa kwamba mtu hawezi kusema "nlichelewa" kwa jambo asilolijua. Alilijua alipokuwa bado amesimama jikoni kwetu. Alijua pia kwamba mama akiambiwa kweli mbele ya wanawake wale, uso utamwanguka, na wao waliokuja kwa mapenzi wataanza kuuliza nyumba hii ina watu gani. Kwa hiyo aliichukua aibu yangu akaifanya yake, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona amechelewa kokote.

Nimejaribu kufanya hivyo mara mbili katika umri wangu. Mara zote mbili ulimi ulikuwa mzito, na mara moja nilishindwa. Watu wanaponisifia nyayo za kuku huniuliza ni nani aliyenifundisha, nami huwaambia, Bi Mize wa Wingwi. Wakiuliza nilimpa nini hata akanifungulia suko alilowaficha wote, husema hatukupeana kitu. Leo nimewaambia nyinyi nilichompa.